Kila kitabu na mwendo wake: tuongelee namna tunavyosoma

Mpekuakurasa

Wakuu, salaam. Uzi huu utakuwa mrefu na nitauleta kwa vipande, mwenye haraka anivumilie.

Nina daftari ambalo kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika jina la kila kitabu nilichokimaliza, tarehe na idadi ya kurasa. Kuna mwaka nilifikisha vitabu 61, nikajiona nimefika mbali. Mwezi uliopita nikalifungua, nikapitisha kidole kwenye orodha ya mwaka huohuo, jina baada ya jina, na kwa kila jina nikajiuliza nakumbuka nini. Vitabu 19 sikukumbuka kitu. Si mhusika, si mahali, si sentensi moja. Kimojawapo ni Nagona cha Euphrase Kezilahabi. Pembeni yake nilikuwa nimeandika kwa penseli: "kigumu, siku 1".

Siku moja! Mtu aliyekwisha kutupa Rosa Mistika na Kichwamaji anaandika kitabu chembamba ambacho kila ukurasa umejaa ndoto na maswali, mimi nakimeza kwa siku moja kisha nakibandika neno "kigumu", kana kwamba kosa ni lake.

Nilipotazama vizuri nikaona jambo jingine lililoniuma zaidi. Vitabu vyote 61 nilivisoma kwa namna moja: macho yanakimbia, akili inauliza "halafu ikawaje?" Utenzi, tamthilia, tawasifu, sayansi, riwaya ya kijasusi, vyote mbio ileile. Tangu hapo nimeacha kuandika idadi ya kurasa na nimeanza kurudia vile vilivyonipotea. Ninachoamini sasa, na nakisema kwa moyo wote, ni kwamba kila aina ya kitabu ina mwendo wake. Ukikosea mwendo hujakisoma, umekipita njiani.

Nitaeleza kimoja kimoja. Na ninyi leteni vyenu.


Kalamu Kavu

Mkuu, mimi ni msomaji wa hadithi za kijasusi za Willy Gamba na Joram Kiango tangu niko mdogo. Mwendo wangu ni mmoja tu, mbio. Kuna watu hunitazama na kusema hivyo si vitabu. Kwa maelezo yako, nimekosea?


Mpekuakurasa

Hujakosea hata kidogo, ndugu yangu. Elvis Musiba na Ben Mtobwa, watunzi wa hadithi hizo, waliandika ili ukimbie. Sentensi fupi, mlango unagongwa, sura inakatika hapohapo. Ukizisoma hadithi zile polepole unaziua. Kumfanya mtu asiyependa kusoma afungue ukurasa mwingine saa saba za usiku ni ufundi, na anayeudharau ajaribu kuandika sura moja ya namna ile aone.

Ila jirani na hizo kuna hadithi za upelelezi, ambazo nilikuwa nazisoma kama vile ni kitu kilekile. Chukua Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960. Maiti inakutwa mzimuni, na Bwana Msa anaanza kuchunguza, kiko mdomoni, rafiki yake Najum pembeni yake. Mara ya kwanza nilikwenda mbio hadi mwisho, nikashangaa, nikafunga. Mara ya pili nilikuwa namjua mkosaji, na hapo ndipo nilipokiona kitabu. Mwandishi wa upelelezi hakufichi kitu. Anakiweka mezani mbele yako, halafu anaitegemea haraka yako ikifunike.

Angalia wanavyotembea wale wawili. Bwana Msa anavuta kiko, anauliza swali linaloonekana halina kichwa wala miguu, anaridhika, anaondoka. Najum ndiye mwenye papara ya kujua nani kafanya. Msomaji anayekimbia anakuwa Najum bila kujijua. Siku hizi hadithi za namna hii nazisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa Najum, ya pili nikijitahidi kuwa Bwana Msa. Ile ya pili ndiyo tamu.


Njiwa Manga

Nafuatilia. Naomba ufike kwenye ushairi, maana mimi huufungua na kuufunga. Shuleni tulifundishwa kuhesabu mizani na kupigia mstari vina, mtihani ukaisha, nikabaki na chuki. Sasa ni mtu mzima na bado nikiona beti macho yananiruka.


Mpekuakurasa

Dada yangu, macho yako yanaruka kwa sababu ushairi wetu haukutungwa kwa ajili ya macho. Nakueleza lililonikuta.

Utendi wa Mwana Kupona nilikuwa nimeusoma kimya, kwa macho, mara moja. Umetungwa 1858 kwa Kiswahili cha kaskazini, na maneno mengi hatuyatumii tena. Nilikwama kila mstari nikauweka pembeni. Mwaka huu nikauchukua tena, nikafunga mlango, nikausoma kwa sauti, beti tano tu kwa siku, bila kutafuta maana kwanza. Siku ya tatu masikio yakaanza kushika. Siku ya tano nikamwona mtu.

Ni Mwana Kupona mwenyewe, mama mgonjwa. Maradhi yamemshika mwaka mzima na hajapata wasaa wa kumwambia binti yake neno la maana. Sasa anamwita asogee, akae, na aje na wino na karatasi. Simama hapo kidogo kwenye wino na karatasi. Mama huyu yuko kitandani, anajua huenda hatainuka, na kitu cha kwanza anachokitaka si dawa wala mtu wa kumfariji, anataka kuandikwe. Nilikuwa nimeupita mstari huo kwa sekunde mbili.

Mawaidha yenyewe, hasa ya mke na mume, mengi sikubaliani nayo, na nadhani hata wewe utayapinga. Lakini ukiyasoma kwa sauti unasikia nani anayasema na katika hali gani, na ubishi wako unakuwa ubishi na mama, si na kitabu.

Baada ya hapo nikahamia Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Alifungwa 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka aliouandika kuikosoa serikali, na mashairi yale aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Yakachapishwa 1973. Kuna shairi linaitwa Siwati. Kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, "siwati" ni "siachi". Ukilisema neno hilo kwa sauti, ulimi unagusa meno kidogo mwishoni, "ti", kama mlango unaofungwa kutoka ndani. Siachi haifanyi hivyo. Nililirudia jioni nzima.

Kwa hiyo ombi langu kwako: chagua beti tatu, soma kwa sauti ukiwa peke yako, usihesabu chochote.


Mwalimu wa Jioni

Ndugu Mpekuakurasa, uzi mzuri, lakini hapo mwisho naomba nikupinge. Nimefundisha fasihi kwa muda mrefu na najua watoto wengi wanachukia mizani kwa sababu tunawafundisha kuihesabu kama karani. Kosa ni letu. Mizani yenyewe haina kosa.

Mizani kumi na sita za mshororo wa shairi, nane na nane, na vina vya kati na vya mwisho, ndivyo vilivyoyabeba mashairi haya kabla ya karatasi kuyafikia. Muyaka bin Haji alifariki 1840, na mengi ya mashairi yake yaliokolewa kwa sababu yalikuwa vichwani mwa watu. Mtu akisahau neno, kina kinamkumbusha. Mtu akiongeza neno, mizani inamkatalia. Sasa mfikirie mfungwa mwenye vipande vya karatasi vinavyoweza kukamatwa wakati wowote. Umbo la shairi ndilo mkoba wake.

Kwa hiyo nakubali asome kwa sauti. Lakini akishasoma, ahesabu. Ahesabu kwa vidole, polepole, aone mshairi alivyobana neno liingie. Hapo ataona jasho la mtu.


Mpekuakurasa

Mwalimu, nimekuelewa na nimekubali. Nilijaribu usiku wa jana kuhesabu kwa vidole nikisema kwa sauti. Ni kweli, kuna mahali unaona neno limepunguzwa pumzi ili liingie, na neno hilo ndilo lenye uzito kuliko yote kwenye mshororo. Nafuta ile "usihesabu chochote". Dada Njiwa, soma kwanza, kisha hesabu.


Njiwa Manga

Sawa, nitafuata amri za wote wawili. Nitarudi na majibu.


Mpekuakurasa

Sasa niwaletee kitabu kilichonifanya nielewe jambo hili lote, na ni kitabu nilichokuwa nakidharau. Frankenstein cha Mary Shelley.

Nilidhani nakijua. Zimwi, radi, watu wanakimbia. Nilikisoma zamani nikisubiri hofu, hofu haikuja, nikachoka. Safari hii nilijua kwamba Mary alianza kukiandika 1816 akiwa na miaka 18 na kikatoka Januari 1818 bila jina lake, basi nikakisoma kama ninavyomsikiliza binti wa umri huo anayeniambia kitu kizito. Taratibu, bila kudai anitishe.

Katikati ya kitabu kiumbe chenyewe kinachukua usemi. Kwanza, hakina jina. Watu wengi wanakiita kwa jina la aliyekiumba, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kimejificha kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya familia moja maskini, kinawachungulia kwenye upenyo wa ubao, kinajifunza lugha kwa kusikiliza wanavyomfundisha mgeni wao. Kisha siku moja porini kinaokota begi la ngozi. Ndani mna nguo na vitabu vitatu.

Vitabu vitatu, na kila kimoja ni cha aina yake. Kimoja ni riwaya ya kijana anayeumia kwa mapenzi hadi anajiua, Werther cha Goethe. Cha pili ni cha Plutarch, maisha ya wakuu wa zamani wa Ugiriki na Roma. Cha tatu ni utenzi mrefu wa John Milton juu ya Adamu, Hawa na kuanguka kwa Shetani. Kiumbe kinavisoma vyote peke yake, bila mwalimu, na kinatueleza kila kimoja kilimfanya nini. Riwaya ilimtia huzuni na kumfanya ajitazame mwenyewe. Maisha ya wakuu yalimwinua, yakamtoa kwenye huzuni zake akawaza mambo ya miji na sheria. Utenzi ukamtikisa kuliko vyote, kwa sababu aliusoma kama habari za kweli. Akajilinganisha na Adamu, aliyeumbwa na kutunzwa, kisha akaona anafanana zaidi na yule aliyefukuzwa.

Wakuu, niliposoma kurasa hizo nilikaa kimya muda mrefu. Huyu ndiye msomaji bora niliyewahi kukutana naye ndani ya kitabu. Ana vitabu vitatu tu na kila kimoja amekipa moyo tofauti. Mimi mwaka ule nilikuwa na 61.

Kisha linakuja jambo ambalo huwa nalifikiria sana. Kwenye mfuko wa vazi alilochukua maabara anakuta pia shajara ya muumba wake, iliyoandikwa miezi ile alipokuwa anamuunda, yenye chuki na karaha. Hicho ni kitabu cha nne. Baada ya kujifunza kusoma kwa vile vitatu, anakuja kusoma habari zake mwenyewe. Laiti asingejua kusoma, angebaki na amani. Sijawahi kuona mwandishi mwingine akiieleza bei ya kusoma wazi namna hii, na ameiweka katika hadithi ambayo watu huifungua ili watishike.


Kalamu Kavu

Mkuu hapo umenishika. Nimeona filamu tu, sikujua kama kiumbe chenyewe kinaongea. Kitabu cha kutisha kinasomwa kama barua, sikutarajia.

Na vya sayansi je? Mimi vile hunipa usingizi.


Mpekuakurasa

Kalamu Kavu, hapo umegusa penzi langu jipya.

Vitabu vya sayansi nilikuwa navisoma kutafuta majibu. Nafika kwenye hitimisho, nalipigia mstari, naendelea. Kilichonibadilisha ni kitabu cha mwisho cha Charles Darwin, kilichotoka 1881, mwaka mmoja kabla hajafariki. Mtu aliyeitikisa dunia kwa kitabu chake cha 1859 juu ya asili ya viumbe anamaliza maisha yake akiandika juu ya nyungunyungu. Nyungunyungu wale wale tunaowakuta ukigeuza udongo baada ya mvua.

Hitimisho lake ukiliandika halizidi mstari mmoja: nyungunyungu wanaumeza udongo na kuutoa juu, na kwa miaka mingi wanaigeuza ardhi yote. Ukilisoma hilo peke yake hujapata kitu. Raha iko kwenye namna alivyolijua.

Aliwaweka nyungunyungu kwenye vyungu ndani ya nyumba. Akataka kujua kama wanasikia. Akawapigia filimbi, hawakujali. Mwanawe akawapigia zumari kubwa ya sauti nzito, hawakujali. Akawapigia kinanda kwa nguvu, hawakujali. Kisha akaviweka vyungu juu ya kinanda chenyewe, noti ikapigwa, na nyungunyungu wakazama kwenye matundu yao. Hawasikii, ila wanahisi mtetemo. Mzee mwenye umri wa kupumzika, familia nzima inampigia nyungunyungu muziki ili swali moja dogo lipate jibu.

Halafu akaona kwamba wanaziba matundu yao kwa majani, na wanayavuta wakianzia kwenye ncha, kwa sababu jani likivutwa kwa ncha linaingia kwa urahisi. Je, wanajua au inatokea tu? Akakata karatasi za kuandikia ziwe pembetatu, nyembamba na pana, akazipaka mafuta ya mnyama pande zote mbili ili umande usizilainishe, akazitawanya usiku. Asubuhi anahesabu. Pembetatu 303 zilizovutwa matunduni alizichunguza moja moja kuona ziliingia kwa upande gani. Nyingi zilivutwa kwa ncha kali, kama mtu ambaye angefikiri angefanya.

Na kuna moja inayonifanya nivue kofia. Desemba 1842 alitandaza vipande vya chokaa kwenye shamba karibu na nyumba yake. Akasubiri. Novemba 1871 akachimba mtaro shambani hapo, akaukuta mstari mweupe wa chokaa kwenye ukuta wa mtaro, inchi 7 chini ya uso wa ardhi. Miaka 29 kusubiri mstari mmoja mweupe. Nyungunyungu walikuwa wameifunika kidogokidogo.

Basi mwendo wa kitabu hiki ni wa kusubiri pamoja naye. Nilikuwa nasoma jaribio moja, naweka kitabu chini, najiuliza mimi ningelifanyaje kabla sijafungua alilofanya yeye. Ndugu Kalamu Kavu, jaribu hivyo. Usingizi hautakuja, maana kumbe hicho nacho ni kitabu cha upelelezi. Bwana Msa angekipenda.


Mwalimu wa Jioni

Naomba nichangie kwa upande wa tafsiri, maana naona hazijaguswa.

Tafsiri naisoma kwa vidole viwili, kimoja kwenye nakala ya asili na kimoja kwenye Kiswahili. Mfano ninaoupenda ni wa Mwalimu Nyerere. Mwaka 1969, akiwa Rais, alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare juu ya yule mfanyabiashara wa Venice na akaipa jina Mabepari wa Venisi. Angeweza kusema "mfanyabiashara" au "tajiri". Akachagua "mabepari", tena kwa wingi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Neno moja kwenye jalada, na tamthilia nzima imekwisha kugeuzwa uso kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Anayesoma kwa kidole kimoja halioni hilo.

Na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 2022. Asili yake ya 1994 ni Kiingereza, lakini Yusuf na watu wa ule msafara ukiwasikiliza unajua hawaongei Kiingereza. Nilikuwa nikisoma asili, kichwani nawatafsiria. Kiswahili kilipotoka nikaweza kulinganisha sauti zangu na za mtafsiri. Mara nyingi yeye alikuwa na sikio zuri kuliko mimi. Mara mbili tatu bado nashikilia langu.


Njiwa Manga

Nimerudi kama nilivyoahidi. Nilianza na Mwana Kupona, beti tano kwa siku kama ulivyosema. Siku ya pili mama yangu alikuwa chumba cha pili, akaniita, akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia. Akasema nirudie. Sasa ndiyo hali yetu ya kila jioni, mimi nasoma, yeye ananisimamisha kwenye neno. Baadhi ya maneno niliyodhani yamekufa yeye anayajua kwa bibi yake. Juzi tumebishana sana juu ya beti za mume. Sikutegemea nibishane na mama yangu juu ya kitabu cha mwaka 1858. Vina nimehesabu pia, Mwalimu.

Swali langu: vitabu vinavyoumiza mnavisoma kwa mwendo gani? Nina Rosa Mistika mkononi na siwezi kuendelea.


Mpekuakurasa

Dada, umenifurahisha sana kwa habari za mama. Msalimie, mwambie tunamwombea.

Rosa Mistika. Kilitoka 1971, na kuna wakati kilizuiwa mashuleni. Mimi nilikisoma nikiwa kijana, haraka, kwa sababu kilisemwa ni kitabu cha mambo yasiyosemwa. Nikapata nilichokuwa nakitafuta na sikuona msiba.

Mara ya pili niliazima nakala chakavu, jalada limeshikizwa kwa gundi. Msomaji fulani kabla yangu alikuwa ameandika pembeni kwa penseli nyembamba sana. Pale Zakaria anapokuta binti yake Rosa ameandikiwa barua na mvulana na anampiga, msomaji huyo hakuandika chochote juu ya Rosa. Aliandika "maskini Regina". Regina ni mama. Mimi nilikuwa sijamwona Regina hata mara moja. Nikarudi mwanzo, nikakisoma kitabu chote nikimfuata Regina tu, kila anapotajwa. Ni kitabu kingine kabisa. Ni kitabu cha mwanamke anayeona nyumba yake inabomoka na kila mkono anaounyoosha unakatwa.

Sijui aliyeandika ni nani, mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Nilipoirudisha nakala ile niliandika chini yake kwa penseli neno moja, "kweli".

Kuhusu mwendo, nadhani kitabu kinachoumiza kinataka kufungwa. Usijilazimishe. Ukifika mahali unaposhindwa, kifunge, kaa nacho siku mbili, kifungue tena palepale. Kezilahabi hakuandika yale ili upite salama. Kushindwa kwako kuendelea ni kusoma.

Barua Ndefu kama Hii cha Mariama Bâ nacho, tafsiri ya kitabu chake cha 1979, ni barua ya mjane aliyeko edani akimwandikia rafiki yake wa utotoni. Hicho nilikisoma kwa mkao mmoja, na nadhani ndiyo sawa, kwa sababu rafiki akikumiminia moyo humwambii subiri nitarudi Jumanne. Kwa hiyo hata maumivu yana mwendo zaidi ya mmoja.

Vitabu vya kujiendeleza sina mengi ya kusema. Vingi vina wazo moja lililotandazwa kurasa mia mbili. Nasoma sura ya kwanza, nikiona wazo ni zuri nalijaribu kwa mwezi, basi.

Kamusi ndiyo naisoma bila mwisho. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotoka mara ya kwanza 1981, huwa naiendea kwa neno moja na kutoka na kumi. Nilifuata "mzimu", nikapita "mzinga", "mzingile", "mzio". Na hapo kwenye "mzingile" nikasimama, kwa sababu Mzingile ndicho kitabu alichokitoa Kezilahabi 1991, mwaka mmoja baada ya Nagona. Nikaona kama nimeitwa.


Kalamu Kavu

Kwa hiyo Nagona umerudia au bado?


Mpekuakurasa

Nimerudia. Nimo ndani mwake wiki ya tano sasa.

Kile kitabu kinasimuliwa na mtu anayesafiri, na mpaka kati ya ndoto na macho hauonekani. Nilipokuwa nakimbia, kila nilipouliza "halafu?" kitabu kilinyamaza, nikakasirika. Sasa nasoma ukurasa mmoja usiku, naamka, nausoma tena asubuhi kabla sijasema na mtu. Ukurasa wa usiku na wa asubuhi si ukurasa mmoja. Kuna sentensi ambazo usiku zilikuwa ukuta na asubuhi zimekuwa dirisha. Nyingine zimebaki ukuta, na nimeacha kuzigombeza. Nimefuta lile neno "kigumu" kwenye daftari. Sijaandika jingine badala yake, kwa sababu sijamaliza.


Kalamu Kavu

Wakuu, na mimi nilete changu kabla uzi haujalala.

Baada ya yote mliyoandika nilijiambia nijaribu kitu nisichokizoea. Nikachukua Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, cha 1969, juu ya vita vya Maji Maji. Tamthilia sijawahi kuisoma kwa hiari. Nikaanza kimya, nikaona majina tu na nukta mbili, nikaboreka. Nikakumbuka mambo ya sauti. Nikamwita mdogo wangu, tukagawana, yeye Kitunda, mimi Kinjeketile, wengine tunabadilishana.

Mwanzoni alikuwa anacheka. Tulipofika pale ambapo watu wameshaamini kwamba maji yatawakinga na risasi na wanataka vita, na Kinjeketile mwenyewe anaanza kuogopa neno alilolitoa, kicheko kikaisha. Nilikuwa nalisema mimi, kwa mdomo wangu, na nikaona linanizidi nguvu. Kisha mwisho. Ametekwa, amepigwa, anatakiwa aseme tu kwamba maji yalikuwa uongo ili yaishe. Anakataa, kwa sababu anajua watoto wa kesho wataambiwa nini akikubali. Mdogo wangu kama Kitunda ndiye alikuwa ananibembeleza nikubali. Alinibembeleza kweli, si kwa kusoma. Mwendo wetu ulikuwa wa mtu anayejibu mtu.


Mpekuakurasa

Ndugu yangu, asante sana kwa hili. Niambie kitu kimoja. Ile kauli yake ya mwisho uliisoma papo hapo baada ya mdogo wako kumaliza?


Kalamu Kavu

Hapana. Nilishindwa kuanza. Tulikaa kama dakika nzima, yeye ameshika kitabu, hajanisogezea. Kisha akanisogezea.